Kujenga mbio ndefu za wiki hadi nusu marathoni: mwongozo kamili

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Mita hizo za mkiani zipo kwa sababu marathoni nzima ni kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kuwekwa rasmi mwaka 1921. Mtu anayekimbia kilomita 6 bila kusimama hayuko mbali na umbali huo kama anavyojidhania. Kinachobaki kati yake na mstari wa kumalizia ni zoezi moja linalorudi kila wiki: mbio ndefu.

Wanaokwama kwenye zoezi hili mara nyingi hukwamishwa na mwendo, wala urefu hauna kosa. Wanatoka Jumapili kwa kasi ya mashindano, Jumatatu wanashuka ngazi wakishikilia ukuta, Jumatano wanakosa zoezi, Ijumaa wanakimbia nusunusu, kisha Jumapili inayofuata wanatoka tena na hamu ya kufidia. Baada ya wiki tano goti linauma na lawama zote zinabebeshwa kilomita. Kwa hiyo utaona mwongozo huu unarudi kwenye jambo moja kila mara: kwenda polepole kuliko unavyotamani na kuongeza kidogo kuliko unavyoweza.

Kinachojengeka mwilini

Unapokimbia kwa utulivu kwa saa moja na zaidi, moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, mishipa midogo kabisa ya damu inaongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza mafuta na sukari kuwa nguvu, zinaongezeka pia. Mwili unajifunza kuchoma mafuta zaidi na kuibania glikojeni, ile akiba ya wanga inayowekwa kwenye misuli na ini. Akiba hiyo ni ndogo, kama kilokalori 1,500 hadi 2,000 kwa mtu wa kawaida, ilhali mafuta ya mwilini, hata kwa mtu mwembamba, yangetosha kwa siku kadhaa. Anayejua kutumia mafuta anafika kilomita ya 18 akiwa bado ana kitu mfukoni.

Jambo la pili ndilo linaloamua ratiba nzima. Moyo na damu huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Karibu kila mkimbiaji mpya anafika wiki ya tano akijiona ana pumzi za kwenda kilomita 16, na kweli pumzi anazo. Muundi na kano ya kisigino ndivyo ambavyo bado havijapata habari.

Mtu aliyeitangaza mbio ndefu kuliko wengine wote ni Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand. Wakimbiaji wake walikuwa wakizunguka vilima vya Waitakere kwa takriban kilomita 35 kila Jumapili, na hakumsamehe yeyote, hata wa mita 800. Mwaka 1960 kwenye Olimpiki ya Roma, Peter Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg akashinda mita 5,000 siku hiyohiyo. Wewe huna haja ya kilomita 35. Ila ukiona mkimbiaji wa mizunguko miwili ya uwanja anajengwa kwa mbio za saa mbili na zaidi, unaelewa kwa nini mtu wa nusu marathoni hawezi kulikwepa zoezi hili.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Ratiba ya wiki 12 iliyo hapa chini inamfaa mtu ambaye kwa mwezi mzima uliopita amekuwa akikimbia mara tatu kwa wiki, na mara moja kati ya hizo amefika kilomita 6 au 7 bila taabu. Kama hujafika hapo, ongeza wiki nne hadi sita za matayarisho kabla ya kuanza kuhesabu. Usizibane wiki za ratiba ili zitoshe kalenda. Afadhali utafute mashindano ya tarehe ya mbele.

Kama umewahi kuzimia ukiwa mazoezini, unabanwa kifua, una ugonjwa wa moyo au sukari, au umekaa miaka mingi bila mazoezi, pita kwa daktari kwanza.

Kisha chagua siku. Ukiweza, iwe siku ileile kila wiki, na siku inayofuata iwe nyepesi. Kimbia saa zilezile mashindano yatakapoanzia, angalau katika wiki za mwisho, kwa sababu tumbo lina ratiba yake na halipendi kushtukizwa.

Hatua ya 2: Pata mwendo sahihi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mbio ndefu zinakimbiwa kwa mwendo wa kuongea. Maana yake ni kwamba unaweza kusema sentensi mbili kamili mfululizo, ukavuta pumzi, ukaendelea. Ukiwa peke yako, jaribu kwa sauti: simulia ulichofanya jana tangu ulipoamka. Ukikatika katikati ya kila sentensi, umezidisha. Ukiweza kuimba, huenda umezembea kidogo, lakini wiki mbili za mwanzo sitakusumbua kwa hilo.

Kwa wanaopenda tarakimu: mwendo huu kwa kawaida ni sekunde 45 hadi 90 kwa kilomita polepole zaidi ya mwendo unaotarajia siku ya mashindano. Anayetaka kumaliza ndani ya saa 2 atahitaji kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Mbio zake ndefu basi ziwe kati ya dakika 6 na nusu na dakika 7 na robo kwa kilomita. Anayelenga saa 2 na nusu atakimbia mashindano kwa dakika 7 na sekunde 7, na mbio ndefu kwa takriban dakika 8 hadi 8 na nusu. Kwa kasi hiyo utapitwa na watu, wengine wakiwa na umri wa mzazi wako. Waache wapite.

Saa inayopima mapigo ya moyo inasaidia, lakini ina mtego. Ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, kwa hiyo asilimia zinazotokana nayo zichukuliwe kama makadirio. Tena mapigo hupanda yenyewe kadiri muda unavyokwenda, hasa kwenye joto, hata kama kasi haijabadilika: maji yanatoka kwa jasho, damu inayorudi kwenye moyo kwa kila pigo inapungua, na moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi.

Chukulia mtu anayekimbia kilomita 12. Kilomita tatu za kwanza anakwenda kwa dakika 7 na sekunde 10, mapigo 138, anaongea vizuri. Kilomita ya nane bado ni 7:10, mapigo 149, sentensi zimeanza kufupika. Kilomita ya kumi na moja ni 7:55, mapigo 158, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Mtu huyu akifika nyumbani atasema kilomita 12 ni nyingi. Ukimtazama vizuri utaona kwamba alianza kwa kasi isiyo yake. Angeanza kwa 7:40, huenda angeimaliza ya mwisho kwa 7:25 na kesho yake akatembea kama watu. Ndiyo maana naona kipimo bora cha mbio ndefu ni kilomita mbili za mwisho: zikiwa sawa na za mwanzo au zimechangamka kidogo, mwendo ulikuwa sahihi.

Kwenye joto kali au vilima, sahau tarakimu zote na ushike kipimo cha kuongea. Kupanda kilima kwa kutembea kwa haraka hakumwondolei mtu sifa ya ukimbiaji.

Na kutembea kwenyewe kuna nafasi yake. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alitumia miongo kadhaa kufundisha watu kuchanganya kukimbia na kutembea kwa vipindi vilivyopangwa. Siri yake ni kwamba unatembea kabla ya kuchoka, kuanzia dakika za mwanzo. Jaribu dakika 4 za kukimbia na 1 ya kutembea, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayesubiri mpaka miguu igome ndipo atembee, mara nyingi hapati faida hiyo.

Hatua ya 3: Panda ngazi ya wiki 12

Huu ndio urefu wa mbio ndefu, wiki kwa wiki:

Wiki ya 1: kilomita 8
Wiki ya 2: kilomita 9
Wiki ya 3: kilomita 11
Wiki ya 4: kilomita 8
Wiki ya 5: kilomita 12
Wiki ya 6: kilomita 13
Wiki ya 7: kilomita 15
Wiki ya 8: kilomita 11
Wiki ya 9: kilomita 16
Wiki ya 10: kilomita 18
Wiki ya 11: kilomita 12
Wiki ya 12: mashindano

Angalia wiki ya 4 na ya 8. Hizo ni wiki za kushuka, na ndizo watu wanazoziruka kwa sababu wanajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa vile kushuka kumepangwa kabla hujavunjika. Mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Wakati huo unabomolewa kidogo, na ujenzi unafanyika ukiwa umelala na umekula. Wiki ya kushuka inaupa mwili muda wa kumaliza viporo.

Utasikia sana kanuni ya kutozidisha asilimia 10 kila wiki. Ni breki nzuri, lakini usiifanye sheria ya kwenye jiwe: kutoka kilomita 9 kwenda 11 ni zaidi ya asilimia 20, na bado ni kilomita 2 tu ambazo zinafuatwa na wiki ya kushuka. Kinachoumiza zaidi ni kuongeza mambo mawili kwa mpigo. Wiki unayorefusha mbio ndefu, usiongeze kasi, usihamie njia ya vilima, wala usianze viatu vipya.

Swali linalokuja kila mara: mbona ratiba inaishia kilomita 18, hizo 3 zilizobaki nitazitoa wapi? Zinatoka kwenye mapumziko ya wiki mbili za mwisho, kwenye wanga utakaokuwa umekula, na kwenye umati wa watu wanaokimbia pamoja nawe. Mwenye uzoefu na mwili uliozoea anaweza kwenda hadi 20 au 22 mazoezini. Kwa anayekimbia nusu marathoni yake ya kwanza, gharama ya kupona kutoka kilomita 21 mazoezini ni kubwa kuliko faida yake.

Sasa, tahadhari moja kwa wanaokwenda polepole zaidi. Kilomita ni kipimo kisicho na usawa. Anayekimbia kwa dakika 5 na nusu humaliza kilomita 18 ndani ya dakika 99. Anayekwenda kwa dakika 9 atakuwa barabarani kwa saa 2 na dakika 42. Miguu ya huyu wa pili imebeba hatua nyingi zaidi na muda mrefu zaidi wa kupigapiga lami. Kwa hiyo weka dari ya muda: saa 2 na nusu. Ukifika hapo, hata kama umebakiza kilomita moja na nusu, tembea urudi nyumbani na uhesabu zoezi limekamilika.

Kuanzia wiki ya 7, na mradi wiki zilizotangulia zimekwenda vizuri, unaweza kuzikimbia kilomita 2 au 3 za mwisho kwa mwendo wa mashindano. Fanya hivyo wiki moja, acha inayofuata. Ni njia nzuri ya kuifundisha miguu kuamka ikiwa imechoka, na ya kujua kama lengo lako ni la kweli au ni la kujifurahisha.

Hatua ya 4: Wiki nzima iibebe siku moja

Mbio ndefu zisizo na wiki nyuma yake ni kujitafutia maumivu. Makocha wengi hupenda zisizidi theluthi moja ya kilomita zote za wiki. Kwa mtu wa mazoezi matatu au manne kwa wiki hilo haliwezekani kirahisi, kwa hiyo kubaliana na mpaka mwingine: zisifike nusu. Wiki ya kilomita 18, zile siku nyingine zikiwa 7, 9 na 7, jumla ni 41, na hapo uko salama kiasi. Ikiwa siku nyingine ni 3 na 4, usiguse 18.

Kati ya siku hizo, moja tu iwe na kasi, nyingine ziwe nyepesi. Mara mbili kwa wiki tenga dakika 15 za kuimarisha miguu: kuchuchumaa na kuinuka, kuvuka hatua ndefu huku goti la nyuma likikaribia chini, na kupanda juu ya vidole vya mguu mmoja ukishuka taratibu. Hilo la mwisho ndilo linaloshughulikia shavu la mguu na kano ya kisigino, mahali ambapo kilomita nyingi hulipizia kisasi. Anza na mara 10 kila mguu, usogee hadi 20.

Siku ya kabla ya mbio ndefu iwe ya kupumzika au ya kukimbia kidogo sana. Usingizi wa usiku ule ni muhimu, na wa usiku uliotangulia pia, kwani watu wengi hawalali vizuri wakijua wanaamka alfajiri.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Mbio za chini ya dakika 75 hazihitaji kitu zaidi ya kile ulichokula awali na maji ukiwa na kiu. Zikikaribia dakika 90 na kuendelea, anza kula njiani: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Iwe jeli ya nishati, kinywaji chenye sukari au chochote chepesi ambacho tumbo lako linakikubali. Anza mapema, dakika ya 35 au 40, kabla hujahisi upungufu. Ukisubiri kizunguzungu umeshachelewa, kwani chakula kinahitaji muda kupita tumboni kufika kwenye damu. Jeli inywewe na maji, si kwa kinywaji kingine chenye sukari, la sivyo tumbo litakuaibisha.

Chochote utakachotumia siku ya mashindano, kianze kutumika si baadaye ya wiki ya 7. Tumbo nalo hufanya mazoezi. Mlo wa kabla ya kutoka uwe wa wanga mwepesi, wenye mafuta na nyuzinyuzi kidogo, saa 2 hadi 3 kabla. Ukiamka umechelewa, kula kidogo sana na uanze polepole zaidi.

Kuhusu maji, ushauri wa zamani wa kunywa mengi kadiri iwezekanavyo umeachwa, na kwa sababu nzito. Anayekunywa kupita jasho lake huizimua chumvi ya damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na ikizidi, kifo. Kunywa kiu inapokuja. Ukitaka kujua mahitaji yako, jipime uzito bila nguo kabla na baada ya kukimbia. Tuseme ulitoka na kilo 70, ukarudi na 69, na njiani ulikunywa nusu lita. Umepoteza lita moja na nusu ya jasho. Kama ulikimbia kwa saa moja na nusu, jasho lako ni kama lita moja kwa saa katika hali ya hewa ile. Hakuna haja ya kurudisha yote njiani. Kupungua hadi asilimia 2 ya uzito ni jambo la kawaida. Ukirudi umeongezeka uzito, umekunywa mno. Kwa mbio za joto zinazopita saa moja na nusu, kinywaji chenye chumvi kidogo ni bora kuliko maji matupu.

Na tafadhali usimeze vidonge vya maumivu vya aina ya ibuprofeni ili tu umalize kilomita. Vinaielemea figo iliyopungukiwa maji na vinakuficha ishara ambayo ulipaswa kuisikia.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kucha za miguu zikatwe siku mbili au tatu kabla, si asubuhi ile. Soksi ziwe zisizo za pamba tupu, kwani pamba hushika maji na kuleta malengelenge. Zivute mpaka mshono wa mbele ukae juu ya vidole, usiwe chini yake. Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Kama kisigino kinacheza ndani ya kiatu, tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu wengi huliacha tupu. Pitisha kamba kwenye tundu la upande uleule ili ifanye kitanzi, kisha pitisha ncha ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho na uvute kwa chini. Kisigino kitatulia bila kukaza sehemu ya juu ya mguu. Viatu vingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Kama vyako vitafika hapo karibu na mashindano, nunua jozi mpya wiki tano kabla na uzibadilishane.

Paka mafuta mazito ya mgando kwapani, katikati ya mapaja, chini ya mkanda wa sidiria, na kwa wanaume kwenye chuchu. Utaona ni upuuzi mpaka siku utakapooga baada ya kilomita 15 bila kupaka.

Usijinyooshe misuli kwa kukaa kimya kabla ya kuanza. Tembea dakika 5, zungusha vifundo, bembea mguu mmoja mmoja, na fanya kilomita ya kwanza iwe ya kupasha mwili. Njia iwe ya kuzunguka karibu na mahali unapoweza kupata maji na choo, au ya kwenda na kurudi. Njia ya kwenda na kurudi ina faida kwamba huwezi kuikata katikati ukichoka. Mwambie mtu unakoelekea na utarudi lini. Kichomi kikikushika ubavuni, punguza kasi, bonyeza pale panapouma na utoe pumzi ndefu mara kadhaa.

Ukimaliza usikae chini hapohapo. Tembea dakika 10, kunywa, na ndani ya saa moja hivi ule mlo wenye wanga na gramu 20 hadi 30 za protini.

Hatua ya 7: Tofautisha uchovu na jeraha

Maumivu ya kawaida yanakuja miguu yote miwili, yametandaa, yanafikia kilele siku ya pili, na yanalegea ukianza kutembea. Jeraha kwa kawaida liko mguu mmoja, unaweza kuligusa kwa ncha ya kidole, linaongezeka kadiri unavyokimbia na linakufanya uchechemee. Bonyeza muundi kwa kidole kuanzia chini hadi juu: ukipata sehemu moja ndogo inayokurusha, au mfupa unaouma hata usiku ukiwa umelala, acha kukimbia na uonwe na daktari, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Kuchechemea pekee kunatosha kukurudisha nyumbani. Wanawake ambao hedhi imekatika au imeanza kuruka tangu wazidishe mazoezi wasilichukulie kuwa ni jambo la michezo tu. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakilingani na kazi, na mifupa ndiyo inayolipa.

Dalili nyingine ni za pole pole: mapigo ya moyo ya asubuhi yamepanda kwa siku kadhaa, usingizi umekuwa mwepesi, hasira za karibu, mwendo uleule unahisi mzito. Geuza wiki hiyo iwe ya kushuka hata kama ratiba haisemi.

Wiki ikiharibika

Itaharibika. Safari, mafua, kazi, mtoto mgonjwa. Ukikosa mbio ndefu mara moja, endelea na ratiba kana kwamba hakuna kilichotokea, wala usizifidie katikati ya wiki. Ukikosa mara mbili mfululizo, rudi kwenye urefu wa mwisho ulioukimbia vizuri na uanzie hapo. Zikipita wiki tatu au zaidi, punguza hadi theluthi mbili ya urefu huo, na ufikirie upya tarehe ya mashindano.

Kwa ugonjwa, makocha hutumia kipimo cha shingo: dalili za juu ya shingo huvumilika, za chini yake hapana. Pua inayochuruzika tu, bila homa, inavumilia mwendo mfupi wa polepole. Homa, kikohozi cha kifuani, kuharisha au maumivu ya mwili mzima vinamaanisha hapana, na baada ya homa kuisha subiri siku kadhaa kabla ya kurudi.

Wiki mbili za mwisho na zinazofuata

Kilomita 18 zikishapita, hakuna zoezi litakalokuongezea nguvu kabla ya mashindano. Yaliyobaki yanaweza tu kukuchosha. Wiki ya 11 punguza kilomita zote kwa takriban theluthi, wiki ya 12 zipungue nusu, lakini acha vipande vifupi vya mwendo wa mashindano ili miguu isilale. Utasikia maumivu ya ajabu ajabu na uzito usioeleweka. Karibu kila mtu huyasikia.

Siku ya mashindano saa yako huenda ikasoma kilomita 21.3 kwenye mstari wa mwisho. Hujadanganywa. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaokata kona na kuongezwa kidogo ili isije ikapungua, na wewe umekata kona kwa nje na kuwazunguka watu. Fuata vibao vya kilomita barabarani, na kilomita tatu za kwanza zikimbie kama mbio ndefu za Jumapili.

Wiki inayofuata usiwe na mbio ndefu kabisa. Tembea, lala, kimbia mara mbili dakika 20 hadi 30 kuanzia siku ya nne au ya tano. Wiki ya pili nenda saa moja polepole. Ya tatu, kama hakuna sehemu inayouma, rudi kwenye kilomita 11 au 12, na kutoka hapo unaweza kuingia ngazi ileile kwenye wiki ya 5.